Ukistaafu: Ndani ya Geti au Nje?

Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, na wengi hujiuliza: ninunue nyumba ndani ya geti kule Lavington, au nibaki Kawangware nilikozoea?

Geti lina mlinzi, lakini ada ya huduma haistaafu. Hulipwa kila mwezi, nayo hupanda. Sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa fleti inawapa wenye nyumba shirika lao la usimamizi. Kabla ya kutia sahihi, omba kuona hesabu zake. Kisha tembea kwa miguu kutoka getini hadi steji na zahanati.

Mtaa usio na geti una majirani na Nyumba Kumi. Ukiugua usiku, nani atasikia ukibisha? Anza na swali hilo.