Mali Bila Daftari



Nimeombwa nizungumze juu ya redio ya ridhaa kwa njia ya setilaiti. Nitasema juu ya kitu kimoja tu, nacho ni daftari.

Kituo cha Anga cha Kimataifa hupita kilometa 400 hivi juu yetu, kikiwa na mtambo wa kupokea sauti na kuirusha tena. Mtambo huo unapowashwa, mtu mwenye leseni aliyesimama Sumbawanga na redio ya mkononi na antena ndogo aweza kuzungumza na mwenzake wa Nairobi au Lusaka. Lakini nafasi yenyewe ni dakika 10 hivi. Mkono mmoja umeshika antena, wa pili redio; wa kuandikia haupo. Basi washa kinasa sauti kabla ya kuanza, kisha uandike siku ile ile.

Uandike nini? Tarehe, saa, setilaiti, alama ya stesheni uliyoisikia, na mraba wa ramani uliosimama. Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni saa. Daftari hufuata saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, daftarini ni 23:00 ya Jumamosi. Wa pili ni mraba. Mji wetu umo katika KI52, lakini mpaka wake ni mstari wa digrii 8 kusini, kilometa chache tu kutoka mjini. Ukiuvuka, umo KI51.

Mazungumzo huthibitishwa pale madaftari mawili yanapokubaliana. Mwenzako huenda ameungoja mraba huu wa Ufipa kwa miaka. Ukikosea saa, umemnyima haki yake. Na alama usiyoisikia vizuri, usiibuni.

Setilaiti AO-7 ilirushwa mwaka 1974. Betri zake zilikufa 1981, ikahesabiwa imekwisha. Mwaka 2002 ikasikika tena, ikiamka juani na kuzimika kivulini. Tabia kama hiyo hujulikana pale watu wengi wanapoandika kwa uaminifu saa waliyosikia na saa waliyokosa.

Vijana, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti nayo ni mali.