Mtoto Mchanga na Gari Kubwa

Dominika ya Familia Takatifu. Injili: Luka 2:22-40



Katika siku hizi za Noeli tumezoea kuiona picha ya Mama Maria amepanda punda, naye Mtakatifu Yosefu akitembea kando ameshika kamba. Tumeiona picha hiyo katika kadi, katika madirisha ya makanisa na katika maigizo ya watoto wetu. Walakini tukizisoma Injili zinazotusimulia utoto wa Yesu, yaani Mathayo na Luka, punda huyo hatumwoni. Hatajwi katika safari ya Bethlehemu, wala katika safari ya Yerusalemu, wala katika kukimbilia Misri. Aliingia kwa njia ya maandishi ya kale yasiyomo katika Biblia, nao wachoraji wakampenda. Huenda alikuwapo, huenda hakuwapo. Wainjili waliotueleza habari za hori, za nguo za kitoto na za njiwa, hawakuona haja ya kutuambia familia ile ilisafiri kwa chombo gani.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu leo, Mama Kanisa anapotuwekea Familia Takatifu mbele ya macho yetu, tungependa kutafakari swali linaloulizwa katika nyumba nyingi za vijana wetu, hasa mijini. Mtoto wa kwanza amezaliwa. Je, sasa tunahitaji gari kubwa zaidi?

Tunajua kwamba wengi wenu mnaotusikiliza hamna gari, kubwa wala dogo. Mnapanda daladala na mtoto yumo katika mbeleko, au mnakwenda kwa miguu. Tunawaomba mvumilie kidogo, maana jaribu hili hubadilisha mavazi tu. Kwa mmoja linakuja kama gari, kwa mwingine kama nyumba ya kupanga yenye sebule ya kupokelea wageni, kwa mwingine kama ukumbi wa kukodi kwa sherehe ya ubatizo. Mzizi wake ni mmoja.

Turudi kwanza hekaluni. Sheria ya Musa ilimtaka mama aliyejifungua mtoto wa kiume alete mwana-kondoo na ndege mmoja. Asiye na uwezo wa mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili tu, hua au njiwa. Imo katika kitabu cha Walawi, sura ya 12. Luka anatueleza kwamba Maria na Yosefu walitoa sadaka ile ya ndege wawili. Kwa maneno mengine, Mwana wa Mungu aliingia katika nyumba ya Baba yake kwa sadaka ya maskini, mbele ya macho ya watu waliojua vizuri maana yake. Yosefu alikuwa fundi. Huenda angeweza kumpata mtu wa kumkopesha mwana-kondoo. Hatusomi kwamba alikopa. Nao wazee Simeoni na Ana, walipofika, hawakuuliza mbona njiwa. Simeoni alimpokea mtoto mikononi, akamsifu Mungu.

Sasa tuchukue mfano wa vijana wawili wa siku zetu, mume mwalimu na mke muuguzi. Wanayo Vitz yenye injini ya lita 1. Gari hilo limewafikisha kazini, limewafikisha Misa, na usiku wa uchungu ndilo lililomfikisha mama hospitalini. Mtoto anazaliwa, ana kilo 3. Wiki haijaisha, wageni waliokuja kumtazama wanaanza kusema: sasa hiki kigari mtakifanyia nini? Shemeji anasema kwamba baba wa familia hapandi Vitz. Mama mkwe ananyamaza, na kunyamaza kwake kunasikika kuliko maneno ya shemeji. Usiku baba wa mtoto anaota Noah yenye viti vya watu 8, au Harrier iliyoinuka juu. Asubuhi anakwenda kuuliza masharti ya mkopo.

Ndugu wapendwa, hapo ndipo tunapotaka tusimame na kuuliza swali la kwanza: katika nyumba ile, nani aliyeomba gari? Mtoto hakuomba. Tukimsikiliza mtoto kwa makini, anaomba maziwa, anaomba kubadilishwa nepi, anaomba kulala, anaomba harufu na sauti ya mama yake. Katika gari anaomba jambo moja, nalo ni kubwa: afike salama. Usalama huo huanzia katika kiti. Mtoto mchanga huwekwa katika kiti chake maalumu, kinachotazama nyuma, kilichofungwa barabara kwa mkanda katika viti vya nyuma vya gari. Kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, kwa maana mfuko huo unaweza kumwua. Wala tusijidanganye kwamba kumpakata kunatosha. Gari linapogonga, hakuna mikono ya mama, hata yenye upendo kiasi gani, inayoweza kumzuia mtoto asirushwe. Shirika la Afya Duniani limetufundisha kwamba viti hivyo, vikitumiwa ipasavyo, hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa zaidi ya nusu.

Basi angalieni ajabu hii. Yuko mzazi anayenunua gari la watu 8 kwa ajili ya mtoto, kisha mtoto huyo anapakatwa kiti cha mbele. Na yuko mwenye Vitz aliyenunua kwanza kiti cha mtoto, akakifunga vizuri, akaendesha polepole. Ni nani kati ya hawa wawili aliyemnunulia mtoto wake kitu?

Swali la pili: nani atakayelipa, na atalipa kwa kitu gani? Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akapiga hesabu. Nasi tupige hesabu. Tuseme gari dogo linakula lita 6 kwa kilometa 100, na kubwa linakula lita 11. Familia inayokwenda kilometa 1,000 kwa mwezi itaongeza lita 50 kila mwezi. Mwaka 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Tukihesabu kwa shilingi 3,000 tu, lita hizo 50 ni shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Na hapo hatujagusa rejesho la mkopo, wala bima, wala matairi, wala vipuri.

Fedha hizo zitatoka wapi? Baba ataongeza masomo ya ziada ya jioni, arudi mtoto amekwisha kulala. Mama ataomba zamu nyingi zaidi za usiku. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 imempa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 hazitimizi hata miezi 3, hali wataalamu wa afya wanatushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Pengo hilo ndipo mtoto anapowahitaji wazazi wake kwa kila senti na kila saa waliyo nayo: kumlipa msaidizi mwaminifu, kumsafirisha mtoto akanyonye mahali mama anapofanya kazi, kumwezesha mama akatae zamu moja ili apumzike. Tukizichukua fedha za pengo hilo tukazitia katika tangi la mafuta, gari litakuwa kubwa na nyumba itakuwa tupu. Mtoto atakua akiijua sauti ya injini ya baba yake kuliko sauti ya baba yake.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kulileta gari nyumbani kuna vigelegele. Siku rejesho linapokosekana, mume na mke hawasemezani. Tumewaona wenye madeni wakilipa deni moja kwa kukopa jingine, mpaka wakaingia katika mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Jina hilo linatosha kuwa mahubiri.

Je, tunasema kwamba gari kubwa ni dhambi? Hasha. Liko hitaji la kweli, na mzazi mwenye busara hulitambua. Viti viwili vya watoto hukaa vizuri nyuma katika gari dogo. Cha tatu mara nyingi hakiingii. Waliopata mapacha juu ya mtoto mwingine, wanaoishi na bibi asiyeweza kutembea, wenye mtoto mlemavu anayehitaji kiti cha magurudumu, wanaokaa mahali ambapo barabara ya masika humeza magari mafupi, hao wana haja, wala wasione haya. Aliye na uwezo wa kununua bila kuwanyang'anya walio wake, naye anunue kwa shukrani. Mtu hujikuna ajipatapo. Tunachokikataa ni kumtwika mtoto mchanga tamaa zetu, na kusema ni kwa ajili yake, kumbe ni kwa ajili ya macho ya jirani.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, aliwakumbusha wazazi wawalee watoto katika uhuru wa kweli mbele ya mali, kwa maisha ya kiasi, wakitambua kama ulivyofundisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwamba thamani ya mtu imo katika alivyo kuliko katika alivyo navyo. Malezi hayo hayaanzi siku ya Komunyo ya Kwanza. Huanza siku wazazi wanapokaa kitandani usiku, mtoto yuko katikati, wakaamua pamoja watatumia fedha zao kwa lipi.

Lipo swali la tatu, nalo pengine tunalisahau kuliko yote: nani atakayepanda? Yesu alipotimiza miaka 12 alipanda kwenda Yerusalemu na wazazi wake. Wakati wa kurudi, Maria na Yosefu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara, wakamtafuta kwa jamaa na marafiki. Tazameni basi: nafasi ya familia ile ilikuwa ni msafara. Walikuwa na watu. Mtoto aliweza kutembea siku nzima mikononi mwa shangazi, wajomba na majirani, na wazazi wasiwe na hofu mpaka jioni.

Wapendwa, siku hizi tunanunua viti 8 kwa sababu tumeupoteza msafara. Kila nyumba inataka kujitosheleza peke yake. Lakini safari inayohitaji gari kubwa, kama vile kwenda kijijini Noeli pamoja na bibi na mizigo, huja mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa safari hiyo inawezekana kukodi, inawezekana kuazima kwa ndugu, inawezekana kwenda kwa basi kama walivyo wengi. Na wewe uliyejaliwa gari kubwa, litazame tena leo. Katika Jumuiya yako Ndogo Ndogo yuko mama ambaye uchungu utamshika saa nane za usiku. Yuko mzee anayekosa Misa kwa kushindwa kutembea. Gari lako likiwa na nafasi kwa hao, hapo limekuwa kubwa kweli. Likipita na viti vitupu mbele ya mama anayengoja mvuani na mtoto mgongoni, ni dogo kuliko mbeleko ya mama yule.

Kwenu makatekista, mnaowaandaa vijana kwa ndoa na wazazi kwa ubatizo wa watoto, tunawaomba msione haya kuzungumza nao habari za fedha. Waulizeni kwa upole maswali haya matatu: Nani anayeomba? Nani atakayelipa, na kwa kitu gani? Nani atakayepanda? Waacheni wenyewe wajibu, mume mbele ya mke, mke mbele ya mume. Wengi hawajawahi kuulizana.

Nanyi wazazi wapya, mlio macho usiku, mliochoka, mnaosikia maneno ya shemeji na ukimya wa mama mkwe, msifadhaike. Mtoto wenu hajui gari la baba yake ni la aina gani. Anajua amebebwa na nani. Maria na Yosefu walikwenda Yerusalemu na njiwa wawili, wakarudi Nazareti na mtoto, naye akakua, akaongezeka nguvu, na neema ya Mungu ikawa juu yake. Hakupungukiwa kitu.

Ee Mtakatifu Yosefu, uliyemlinda Mtoto Yesu kwa mikono ya kazi, uwaombee akina baba wote wajue kipi ni hitaji na kipi ni fahari. Ee Mama Maria, uwaombee akina mama wote wapate muda wa kuwapakata watoto wao. Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu, zenye gari na zisizo na gari, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.