Riziki ni ya Mungu, Kutoka ni Kwetu

(Mazungumzo yaliyosomwa katika sherehe ya kutimia miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Msuka, Pemba)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutujaalia uhai na uzima tukaifikia siku hii. Wapo tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Mungu awarehemu.

Tumetakiwa tuseme machache juu ya kumtegemea Mungu wakati wa dhiki. Siye si mashekhe. Tutasema yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

Dhiki kwa Pemba si mgeni. Mama zetu walilelewa na karafuu. Katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake, na bei ikaporomoka. Ndipo ukaja mwani. Hapa Zanzibar kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, baadaye kikafika kwetu. Wanawake tukaingia baharini, bamvua kwa bamvua, tukapata cha kununulia daftari za skuli. Nako mtihani ukatufuata: kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, haustahamili maji yakizidi moto. Ukawa unaozea kambani. Tukabaki na spinosamu, ambao gunia zima ukiliuza hela yake haikai mkononi.

Kisha ukaja mwaka 2020, mwaka wa korona. Ndege za watalii zikasita, na watoto wetu waliokuwa wakifanya kazi mahotelini Unguja wakarudi mikono mitupu. Mwani wetu ukakaa ndani ya magunia bila ya mnunuzi.

Mwaka huo kisanduku chetu kilikuwa karibu kufa. Mnakijua: makufuli matatu, funguo kwa watu watatu mbalimbali. Siku moja tulikaa chini ya mwembe tangu baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, tukigombana. Baadhi yetu walisema, "Tugawane, kila mtu achukue chake, ya mbele anayajua Mungu." Wengine wakasema, "Na hichi kisanduku nacho si Mungu aliyetupa?" Wote tulimtaja Mungu, na wote tulikuwa na khofu.

Bibi mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akatukumbusha habari ya Bibi Hajar. Nabii Ibrahim alimwacha yeye na mwanawe mchanga Ismail katika bonde kavu la Makka, na tende kidogo na maji kidogo. Alipojua kuwa ni amri ya Mungu, aliridhika kwamba Mungu hatowatupa. Huko ndiko kutegemea. Lakini maji yalipokwisha na mtoto akalia, hakukaa kitako. Alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa mara saba. Na tazameni, maji hayakutoka Safa wala Marwa alikokimbilia. Yalitoka pale alipokuwa mtoto. Mbio ni zake, maji ni ya Mungu.

Bibi yetu akaongeza jambo ambalo wengi tulikuwa hatulizingatii. Maji yalipotoka, Bibi Hajar aliyazungushia ukingo kwa mikono yake yasipotee. "Basi," akasema, "hata neema ikija, inataka mtu wa kuizuia. Kisanduku hichi ndio ukingo wetu."

Hatukugawana. Tulipunguza hisa ikawa shilingi 500, na asiyekuwa nayo aje hivyo hivyo akae na wenzake. Mkopo wetu hauna riba, anayechukua 20,000 hurejesha 20,000, na mwaka ule tukaongeza muda wa kurejesha. Mfuko wa jamii hatukuugusa ila kwa maradhi na misiba. Usiku mmoja mtoto wa mwenzetu alizidiwa, na nauli ya gari ya kumpeleka hospitali ilitoka mfuko huo. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliotaka tugawane. Hakuna aliyemkumbusha.

Lakini tusijisifu tu. Kabla ya kupunguza hisa, tulikuwa tukitoza faini kwa kila asiyeleta. Mwenzetu mmoja akaona haya kuja hana kitu, akaacha kuja kabisa. Sisi tukasema, "Huyo hana imani," na kumbe hakuwa na chakula. Hilo ni kosa letu, na leo tunalikiri mbele yenu. Mwaka uliofuata wawili wetu walimwendea nyumbani wakamtaka radhi. Alhamdulillahi, leo yumo humu, amevaa sare kama sisi.

Funzo letu ni hili. Ukimwambia mwenzio mwenye njaa "Mungu atakupa", nawe una kibaba cha unga ndani, basi huenda wewe ndiye uliyetumwa na ukachelewa njiani. Mtu amtegemee Mungu, afunge kamba zake za mwani, asuke ukili wake, aweke hisa yake, na amwangalie jirani yake. Bei ya mwani hatuimiliki, na joto la bahari hatulimiliki. Kutoka asubuhi ni kwetu, na kushikana ni kwetu.

Kwa vijana wetu wa kike: kisanduku tunakuachieni. Funguo msizipoteze, na watu msiwapoteze zaidi.

Wabillahi tawfiq.