Altrasaundi Mkononi mwa Mkunga

Msikilizaji, tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apigwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki 24. Kwa mama wa Kisiwa cha Mfangano, hiyo ni nauli ya boti, pengine hadi safari ya Kisumu. Sasa kuna kifaa cha mkononi kinachoonyesha picha kwenye simu. Mkunga aliyefunzwa hutambua mapema mapacha, au kondo la nyuma lililoziba njia ya uzazi.

Kwa upande mwingine, wapo wanaohofia mafunzo mafupi: picha ikisomwa vibaya, mama huambiwa yuko salama kumbe hayuko. Hofu hiyo ni ya haki, ingawa kwangu kumnyima picha kabisa ni hatari zaidi.

Sasa tujiulize: mafunzo yakiisha, nani atamsimamia mkunga huyo kisiwani?