Muuguzi, Ushahidi Huanzia Mikononi Mwako

Muuguzi unayetusikiliza, ushahidi wa kesi ya ubakaji au kipigo mara nyingi huanzia mikononi mwako. Wewe ndiwe unayemvua majeruhi nguo. Wewe ndiwe unayesafisha kidonda. Nguo yenye damu ikifungwa mbichi kwenye plastiki huoza. Ikikaushwa na kutiwa mfuko wa karatasi, hufika mahakamani ikiwa na la kusema. Huo ndio uuguzi wa kisheria, na wenye fani hiyo wana chama cha kimataifa tangu 1992.

Wapo wasemao kazi ya muuguzi ni kutibu, mahakama aachiwe daktari. Kweli, tiba hutangulia: dawa ya kuzuia VVU lazima ianze ndani ya saa 72. Lakini kuandika jeraha liko wapi na lina ukubwa gani hakucheleweshi dawa hata kidogo. Na daktari hufika baadaye, kidonda kimeshaoshwa!

Ukiitaka fani hii, anza leo. Zijue fomu za kesi za ubakaji na kipigo: PF3 Tanzania, P3 na PRC Kenya. Andika ulichokiona, usiandike hukumu. Andika umemkabidhi nani ushahidi, saa ngapi. Kisha mwombe msimamizi wako mafunzo ya kuwahudumia waliofanyiwa ukatili.