Kompyuta Yetu Iliumwa Nini?

(Mazungumzo ya fundi mmoja mbele ya wanakikundi wenzake, Kolo, wilaya ya Kondoa)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya kompyuta ya ofisi yetu, maana wengi mmeuliza: fedha zimekwenda wapi? Ni swali la haki. Fedha za kikundi ni jasho la alizeti na mbaazi. Basi nitaeleza yote, hata pale nilipokosea mimi mwenyewe.

Mnakumbuka ilivyoanza. Karani anaandika hisa za wanachama, mara kioo kinakuwa cheusi, kompyuta inajizima na kujiwasha upya. Kazi ya asubuhi nzima imepotea. Tukaipakia kwenye basi, tukaipeleka mjini. Fundi wa huko hakuuliza neno. Alisema tu, "Memori imekufa." Tukanunua memori. Kompyuta ikakaa kwake siku mbili bila kuzimika, tukafurahi, tukairudisha Kolo. Siku ya tatu ikazimika tena! Tukairudisha kwake. Sasa akasema ugonjwa ni diski ya ndani. Mkaniuliza mimi, nami nikajibu, "Sawa, nunueni," bila kupima kitu. Hilo ndilo kosa langu.

Diski, ndugu zangu, ndiyo sanduku la kuhifadhia maandishi. Ukiitoa ya zamani ukaweka mpya, ile mpya haijui jina la mtu yeyote. Hisa za wanachama wote zilikuwa kwenye ile ya zamani. Bahati njema karani wetu alikataa kuiacha kule mjini. Aliifunga kwenye khanga akarudi nayo. Nilipoipima baadaye niliikuta nzima kabisa.

Tusione haya kwamba tunajifunza ukubwani. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi marufuku hiyo kulegezwa. Wengi wa umri wangu tumeiona kompyuta tukiwa tayari na watoto.

Haya, turudi kwenye ugonjwa. Kule mjini siku mbili haikuzimika. Hapa Kolo inazimika. Hiyo peke yake ilikuwa dalili kubwa, nasi tuliipita tu. Mtoto akiumwa tumbo kila akiwa kwa bibi yake, na akiwa kwa mama yake haumwi, si utatazama kwanza anachokula kwa bibi?

Aliyetufumbua macho ni karani, kwa daftari lake. Nilimwomba kila kompyuta ikizimika aandike siku na saa. Akaandika wiki mbili. Tulipokaa kusoma, tukaona hivi: saa 4 asubuhi, saa 4 na nusu, saa 10 jioni. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya gulio mara sita. Jumapili, ingawa karani alikuja kazini, hakuna hata mara moja. Tukatazamana. Ni nani hapa kwetu anaanza kazi saa 4, Jumapili anapumzika, na siku ya gulio hana nafasi hata ya kunywa chai? Mashine ya kusaga!

Ofisi yetu ilikuwa inapata umeme kwa waya uliovutwa kutoka chumba cha mashine. Waya wenyewe mwembamba, tena mrefu. Sasa, mota ya mashine inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi, mara tano au hata zaidi kuliko ikiwa imeshashika mwendo. Ni kama bomba la maji: jirani akifungua kwa nguvu, kwako yanachuruzika. Nilichukua mita yangu ya kupimia volti. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Mashine ikiwa imezimwa, ofisini nilipata 228. Mashine ilipowashwa zikashuka mpaka 160, kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha zikapanda. Balbu hufifia tu kidogo, wala hujali. Kompyuta haivumilii. Ndani yake kuna boksi linaloitwa pawa saplai, linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3. Boksi hilo lina akiba ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Akiba ikiisha, kompyuta inaanza upya.

Hata hapo sikutaka kusema nimejua. Nilishakosea mara moja. Tuliibeba kompyuta mpaka nyumba ya jirani yenye umeme wake mbali, ikafanya kazi siku mbili, na mashine ikisaga mchana kutwa. Haikuzimika. Tukairudisha ofisini, mashine ikawashwa, ikazimika. Ndipo niliposema, sasa nimejua. Fundi umeme mwenye leseni amevuta waya mnene wa ofisi peke yake, na gharama yake ni ndogo kuliko ile diski.

Siyo kila kompyuta inasumbuliwa na mashine ya kusaga, jamani. Lakini anzeni na vile visivyodai hata senti. Chomeka taa kwenye soketi, je, inawaka? Sukuma vizuri nyaya zote za nyuma. Kioo kikiwa cheusi usiseme imekufa. Bonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Taa yake ndogo ikiwaka na kuzimika, kompyuta huenda iko hai, basi angalia kioo na waya wake.

Ikizimika baada ya dakika kumi, halafu ukiiacha ipoe inawaka tena, fikiria joto. Vumbi hili letu jekundu, ambalo watu wa HADO walianza kupambana nalo mwaka 1973, linaingia mpaka ndani ya feni na kuziba njia ya hewa. Chomoa waya, fungua ubavu wa kompyuta, ondoa vumbi kwa brashi laini, huku umeishika feni isizunguke. Ikiwa inapiga milio na haiwaki, toa memori, safisha meno yake taratibu kwa raba safi, irudishe mpaka isikike imeshika. Saa na tarehe zikirudi miaka ya nyuma kila ukiwasha, hiyo ni beteri ndogo mfano wa sarafu, bei yake ndogo. Lakini ukisikia diski inagonga-gonga, usiendelee kujaribu. Zima, tafuta mtu wa kunakili maandishi kwanza.

Kama ni lazima kubadili kifaa, azima kilicho kizima ukijaribu kwanza. Na badili kimoja kimoja. Ukibadili viwili pamoja ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Pawa saplai yenyewe msiifungue kabisa, inahifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Ile diski ya zamani nimeirudisha, na majina yenu yote yapo, pamoja na hisa zenu. Ile mpya tumeifanya ya nakala: kila Ijumaa karani ananakili humo, kisha inakaa nyumbani kwa Mwenyekiti. Memori tumebaki nayo, haikutusaidia kitu. Daftari limefungwa kwa kamba kando ya kompyuta, na yeyote akiona jambo aliandike, hata kama ni dogo.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nimekwisha. Naona mwenye mashine ameinua mkono.