Maji kwa Nguvu za Jua

Ndugu zangu, nanyi walimu mliotoka vijijini, nimepewa kunena habari ya kuvuta maji kwa nguvu za jua. Jambo hili si ndoto. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Cairo, Mmarekani Frank Shuman alisimamisha vioo virefu vilivyokusanya joto la jua. Maji yakachemka, na mvuke wake ukaendesha pampu iliyopandisha maji ya mto Naili mpaka mashambani. Vita vya 1914 vikakatiza kazi ile.

Siku hizi bamba la jua hugeuza mwanga kuwa umeme, na umeme huzungusha pampu. Katika wilaya ya Kalalé, kaskazini mwa Benin, vikundi vya wanawake wa vijiji vya Bessassi na Dunkassa vilipata pampu za namna hiyo mwaka 2007. Hapo kwanza walimwagilia mboga kwa mikono, ndoo kwa ndoo. Pampu ilijaza tangi lililoinuliwa, maji yakateremka yenyewe katika mipira yenye matundu, yakidondoka tone kwa tone penye shina la kila mche. Tangi ndilo lililokuwa akiba, hata betri haikuhitajiwa. Tena jua kali likaushalo mboga ndilo lililozidisha maji! Kiangazi wakala mboga zao, na nyingine wakauza.

Sisi tulinunua pampu ya mafuta, mnaikumbuka. Imelala bandani, maana bei ya mafuta ilitushinda. Walakini, nisiwafiche, bei ile ilikuwa pia hatamu: ilituzuia tusivute maji kupita kiasi. Jua halidai senti. Mtu akiisha lipa gharama ya kwanza, nayo ni kubwa, aweza kufungulia maji tangu asubuhi hata jioni, na kisima cha jirani kikakauka. Huko Dhundi, katika jimbo la Gujarat nchini India, wakulima waliunda chama mwaka 2016 wakauza umeme uliowabakia. Hivyo kuyaacha maji ardhini kukawa na faida. Kwetu nyaya za umeme hazijafika, basi hatuna pa kuuza.

Kwa hiyo, kabla hatujachanga fedha, nawaomba neno. Tangu Julai nashusha kamba yenye mafundo katika kisima cha shule kila Jumamosi. Julai maji yalikuwa fundo la 11. Juzi yalikuwa la 14, wala hatujafunga pampu yo yote. Nanyi shusheni kamba zenu, mniletee hesabu kabla ya mvua.